Kuzamia Kwenye Maji ya Baridi: Mwongozo kwa Aliyezoea Bahari ya Joto

Nilijifunza kuzamia Nungwi, Zanzibar. Msimu wa kusi, maji yakishuka hadi nyuzijoto 25, tulikuwa tunavaa fulana chini ya suti na kulalamika mpaka jioni. Kisha nikahamia Uingereza, na Februari ya mwaka wangu wa kwanza nikaingia Stoney Cove, machimbo ya zamani ya mawe katika kaunti ya Leicestershire ambayo yamejaa maji na sasa ni mahali pa wazamiaji. Kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa, ilisoma nyuzijoto 5. Nilikuwa na suti ya kuazima na imani kwamba mtu aliyezamia mara mia nne hawezi kushindwa na shimo la maji matamu. Dakika ya nane vidole vilikuwa havinisikii. Dakika ya kumi na moja nilikuwa nje, nimekaa kwenye saruji, nashindwa kufungua zipu yangu mwenyewe. Mama mmoja aliyekuwa akinywa chai pembeni ya gari lake ndiye aliyekuja kunifungulia.

Miaka imepita na sasa maji hayo ndiyo nyumbani kwangu. Napigiwa simu na vijana wa Zanzibar, Mafia, Diani na Watamu waliopata kazi au ndoa Ulaya, na wote huanza na swali moja: ninunue suti gani? Wadogo zangu, swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. Nitawaeleza kwa mpangilio ambao ningependa mimi mwenyewe nielezwe siku ile.

Hatua ya 1: Jua joto lako linatorokea wapi

Suti haitengenezi joto. Anayelitengeneza ni wewe, kwa chakula ulichokula na misuli yako. Kazi ya suti ni kulichelewesha lisitoke. Ukilielewa hili, mengine yote katika mwongozo huu yatakaa mahali pake.

Maji huchukua joto la mwili kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa tulivu. Ndiyo maana hewa ya nyuzijoto 27 barazani ni raha tupu, lakini mtoto aliyeoga baharini kwa saa nzima katika maji ya nyuzijoto hizo hizo hutoka meno yakigongana. Ili mtu aliyetulia ndani ya maji bila nguo asipoteze joto, maji yanatakiwa yawe karibu nyuzijoto 33 hadi 35. Hakuna bahari ya namna hiyo kwetu. Hata Nungwi tulikuwa tunapoteza joto kila siku, ila tulikuwa tunatoka kabla halijatudhuru.

Joto linatoka pia kwa pumzi. Hewa ya mtungi ni kavu na ya baridi, mapafu yanaipasha na kuitia unyevu, halafu unaitoa yote kwenye viputo. Kadiri unavyoshuka, kila pumzi inabeba hewa nzito zaidi, kwa hiyo inaondoka na joto zaidi. Hakuna suti inayozuia hilo.

Njia nyingine ni upepo unapokuwa nje umelowa, na hii ndiyo watu wengi wanaisahau. Nitairudia mbele, maana kwa maoni yangu ndiyo inayowaumiza wageni kuliko maji yenyewe.

Hatua ya 2: Yajue maji unayoyaendea

Usikubali kuambiwa tu kwamba "ni baridi." Uliza nyuzijoto ngapi, kwa kina gani, mwezi gani.

Maji matamu huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzijoto 4, kwa hiyo maji ya namna hiyo huzama na kutulia chini. Ziwa au machimbo wakati wa kiangazi cha Ulaya huweza kuwa na nyuzijoto 18 juu, ukafurahi, kisha ukishuka kina cha mita 10 au 15 ukapita mpaka unaouona kwa macho, maji yanatetemeka kama mvuke juu ya lami ya moto, na chini yake ni nyuzijoto 8. Jiandae kwa ajili ya yale ya chini. Yale ya juu yatakudanganya.

Bahari inabadilika taratibu zaidi. Scapa Flow, huko visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti, ambako Wajerumani walizizamisha meli zao wenyewe tarehe 21 Juni 1919 na saba kati yake bado zinazamiwa, maji huwa karibu nyuzijoto 6 au 7 mwishoni mwa baridi na hufika 13 hivi mwishoni mwa kiangazi. Silfra ya Iceland, ule ufa ulio kati ya bamba la ardhi la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, una nyuzijoto 2 hadi 4 mwaka mzima, kwa sababu ni maji ya barafu yaliyochujwa chini ya mawe. Na usidhani Afrika imeachwa: upande wa Atlantiki wa Cape Town maji huwa ya baridi zaidi wakati wa kiangazi, maana upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kwenda baharini na yale ya kina yakapanda kuchukua nafasi. Mtu anakwenda Desemba, jua linawaka, anaingia na suti yake ya milimita 3. Anatoka analia.

Hatua ya 3: Uulize mwili wako

Kama una ugonjwa wa selimundu, baridi na upungufu wa maji mwilini ni vichochezi vinavyojulikana vya maumivu yake. Usiingie kabla ya kumwona daktari anayejua mambo ya kuzamia. Mwambie pia kama una tatizo la moyo, presha, au vidole vinavyokufa ganzi kwa baridi ndogo tu. Ukiingia kwenye maji ya nyuzijoto 5, ngozi inashtuka, pumzi inakatika, moyo unakwenda mbio. Hali hiyo hudumu dakika moja hadi tatu, na moyo wenye kasoro unaweza usiivuke.

Neno kwa wanaofunga Ramadhani: mimi sizamii maji ya baridi nikiwa nimefunga. Mwili hauna maji wala kuni za kuwasha moto. Machimbo yatakuwepo baada ya Idi.

Hatua ya 4: Sasa chagua suti

Suti ya maji, hii tuliyokulia nayo, ni mpira wa neoprini uliojaa viputo vidogo vya gesi. Viputo hivyo ndivyo vinavyokulinda. Maji machache yanayoingia yanapashwa na mwili wako, na suti ikikubana vizuri yanabaki humo humo. Ikipwaya, kila unapogeuka yanatoka na mengine mapya ya baridi yanaingia. Suti nyembamba iliyokukaa ni bora kuliko nene inayopwaya.

Ubaya wake ni kina. Mita 10 chini shinikizo ni mara mbili ya la juu. Mita 30 ni mara nne. Viputo vinasinyaa, na suti ya milimita 7 uliyoingia nayo inakuwa nyembamba kama karatasi pale pale ambapo maji ni ya baridi zaidi.

Kwa makadirio yangu, kwa mtu wa kawaida anayezamia dakika 40: nyuzijoto 24 kwenda juu, milimita 3 hadi 5, kati ya 16 na 23, milimita 7 pamoja na kofia, kati ya 12 na 15 milimita 7 inawezekana ukiwa na fulana ya neoprini juu yake, lakini mara moja kwa siku. Chini ya 12, acha kubishana na vaa suti kavu. Mtu mwembamba asogeze kila kipimo juu. Mimi ni mwembamba.

Suti kavu haingizi maji. Ina sili, yaani kingo za mpira zinazobana shingoni na mikononi maji yasipite, viatu vilivyoshonwa humo humo, na zipu isiyopitisha maji. Iko ya kitambaa cha tabaka tatu, nyepesi, ambayo yenyewe haina joto lolote. Na iko ya neoprini iliyogandamizwa, nzito kidogo lakini inasaidia. Mimi natumia ya kitambaa, kwa kuwa inakauka haraka na joto nalipanga mwenyewe kwa nguo za ndani yake.

Hapo kwenye nguo ndipo pesa yako iende. Tabaka la kwanza, linalogusa ngozi, liwe la sufu ya kondoo wa merino au kitambaa cha sintetiki kinachoondoa jasho kwenye ngozi. Pamba usiiguse: ikilowa jasho inabaki mbichi na inakunyonya joto mpaka mwisho. Juu yake vaa suti ya ndani nene, ile inayofanana na ovaroli ya mtu wa ghala la samaki. Zile zilizojazwa Thinsulate, nyuzi nyembamba za kutunza joto, zinaendelea kukupa joto kiasi hata zikilowa, na siku sili itakapochanika utashukuru. Vaa soksi mbili za sufu, lakini hakikisha vidole vya miguu vinacheza. Kiatu kikibana, damu haifiki, na mguu usiofikiwa na damu hakuna soksi itakayoupasha.

Kinachokupasha hasa ni hewa iliyonaswa ndani ya nguo hizo. Ukishuka, suti inakubana. Unabonyeza vali ya kifuani na kuongeza hewa kidogo mpaka mbano ulegee. Watu wapya huona aibu kuongeza, wanashuka wamebanwa kama ngozi ya ngoma, kisha wanashangaa baridi imetoka wapi. Nguo iliyobanwa haina hewa, na isiyo na hewa haina joto. Lakini usizidishe pia: hewa ikikimbilia miguuni utapinduka kichwa chini na kupaa. Ikitokea, kunja magoti kifuani, jiviringishe mpaka kichwa kiwe juu, na uinue kiwiko cha kushoto ili vali ya begani itoe hewa. Jifunze haya kwenye bwawa na mwalimu, kozi nzima, kabla ya kwenda popote penye kina. Hili silisemi kwa adabu tu. Suti kavu isiyojulikana inaua.

Uzito wa risasi utaongezeka. Nungwi nilikuwa navaa kilo 3. Na suti kavu na nguo nene navaa 11 kwenye maji matamu, na baharini zaidi kidogo.

Wazamiaji wa kina kirefu wanaotumia mchanganyiko wa gesi wenye heliamu hawaingizi gesi hiyo ndani ya suti, kwa sababu heliamu inapitisha joto mara sita hivi kuliko hewa. Wanabeba kimtungi kidogo cha hewa au cha gesi ya argoni. Wewe hewa yako ya kawaida inakutosha.

Hatua ya 5: Kichwa na mikono

Ile habari kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani si kweli. Kichwa hupoteza takriban kwa kadiri ya ukubwa wake. Lakini mishipa ya kichwa haijifungi kwa baridi kama inavyojifunga ya mikono, na maji ya nyuzijoto 5 kwenye paji la uso yanauma kama kisu. Kofia ya neoprini ya milimita 7, inayoingia chini ya ukosi wa suti na kugusa ukingo wa miwani pande zote, ndiyo dawa.

Dada zetu wenye misuko na rasta, chagua kofia pana zaidi kidogo na laza misuko mgongoni badala ya kuirundika utosini, vinginevyo kofia inanyanyuka na maji yanapita. Na kwenye suti kavu hakuna kinachopaswa kupita chini ya sili ya shingo: unywele mmoja, uzi wa mtandio, ndevu ndefu, vyote vinavuta maji kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Anayejisitiri asiwe na wasiwasi, kofia ya neoprini inafunika nywele zote na shingo. Kama anataka kitambaa ndani yake, kiishie juu ya sili.

Mikono ndiyo inayokwisha kwanza, na mikono ndiyo inayofungua vali, inayoshika kamba, inayokupa hewa ya akiba. Glavu za neoprini za milimita 5 zinatosha mpaka nyuzijoto 8 hivi. Chini ya hapo nilihamia glavu kavu, zile za mpira zinazofungwa kwa pete kwenye suti, na ndani yake glavu nyembamba za sufu. Pitisha kipande cha uzi mnene chini ya sili ya mkono ili hewa ya suti ifike mkononi, la sivyo mpira utakubana ukishuka. Jua tu kwamba glavu ikitoboka, maji yatafuata njia hiyo hiyo ya uzi kuingia kwenye suti.

Fulana zenye umeme, zinazotumia betri ya volti 12, ni nzuri, nami ninayo. Masharti mawili. Kwanza, nguo zako zitoshe kukutoa salama hata betri ikifa chini. Pili, usiiwashe kwa nguvu ukiwa chini kisha ikazimika wakati wa kupanda. Majaribio ya jeshi la majini la Marekani yalionyesha kwamba mzamiaji mwenye joto chini na baridi wakati wa kupanda hupata bendsi, ugonjwa wa viputo vya nitrojeni mwilini, kwa urahisi zaidi, kwa kuwa damu ilipeleka nitrojeni kila mahali na sasa mishipa imejifunga haiirudishi. Anza na kiasi kidogo, ongeza unapopanda. Vile vipakiti vya unga vya kupasha mikono usivitie ndani ya suti: vinaungua kwa oksijeni, na chini ya shinikizo oksijeni ni nyingi zaidi, vinaweza kukuchoma.

Hatua ya 6: Regulata inaganda

Hili huko kwetu hatukuwahi kulifikiria. Regulata ndiyo kile kifaa unachopumulia, kinachopunguza shinikizo la hewa ya mtungi. Hewa inapotoka kwenye mtungi wenye shinikizo la bari 200 na kushuka hadi bari 10 hivi, inapoa sana, chini kabisa ya kiwango cha kuganda. Maji yanayoizunguka regulata yakiwa nyuzijoto 4, barafu inajijenga, vali inakwama ikiwa wazi, na hewa inamwagika bila kukoma.

Regulata inayouzwa Ulaya kwa kiwango cha EN 250 hupimwa kwenye maji ya nyuzijoto 4. Ikiwa haikufaulu huandikwa ">10°C", yaani ni ya maji yaliyozidi nyuzijoto 10. Tafuta maandishi hayo kwenye yako, na ukiyaona, iache kwa ajili ya likizo ya Mafia. Usiipumulie hewani kabla ya kuzama, maana unyevu wa pumzi utaganda. Usibonyeze kitufe cha kumwaga hewa kwa muda mrefu. Jaza jaketi la kuelea na suti kwa vibonyezo vifupi vifupi, na usijaze huku unavuta pumzi. Kwenye maji ya chini ya nyuzijoto 10 mimi nabeba mtungi wenye vali mbili na regulata mbili kamili, ili moja ikimwaga niifunge na kupumua nyingine. Na fanya zoezi la kuifunga ukiwa umevaa glavu zile zile, si kwa mikono mitupu jikoni.

Hatua ya 7: Asubuhi ya siku yenyewe

Lala vya kutosha. Kula uji mzito, au chapati na mayai, saa mbili kabla. Kunywa maji: baridi na shinikizo vinasukuma damu kuelekea katikati ya mwili, figo zinadhani maji yamezidi, na utakojoa kuliko kawaida. Watu hujizuia kunywa ili wasikojoe ndani ya suti kavu, nao hutoka na kichwa kinachopasuka na hatari kubwa ya bendsi. Nunua nepi za watu wazima, au weka vali ya kukojolea, na unywe. Hakuna aibu hapo. Karibu kila mtu unayemwona pale ana moja.

Pale Leicester kuna mzee wa Kihindi mwenye duka, mzaliwa wa Jinja, aliyekuja huku mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza. Kiswahili chake bado kizima. Siku moja nilipita kwake alfajiri kununua tangawizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Unakwenda tena kule kwenye maji ya baridi?"

"Nakwenda, mzee."

"Basi chukua thamosi mbili. Moja utainywa. Ya pili utaitafuta ukimaliza ya kwanza."

Nilizichukua, na tangu hapo ya pili ina kazi yake: maji ya uvuguvugu ya kumimina ndani ya kofia na glavu za neoprini dakika moja kabla ya kuingia. Maji ya kwanza kugusa ngozi yanakuwa ya joto, na yale ya baridi yanakuta nafasi imeshachukuliwa. Ni jambo dogo, na limenipa dakika kumi za vidole vizuri kila mara. Yawe ya uvuguvugu tu, usijiunguze.

Vaa nguo zako nyumbani au ndani ya gari lenye joto, lakini suti kavu ifunge mwisho kabisa. Ukitembea na mitungi ukiwa umefunga, utatoka jasho, na jasho hilo litakuwa baridi yako ya baadaye.

Hatua ya 8: Ndani ya maji

Ingia polepole. Kaa juu, uso majini, dakika mbili nzima, hadi pumzi itulie. Usishuke huku unahema.

Kubalianeni kabla na mwenzako: anayehisi baridi anakunja mikono na kusugua mabega, na ishara hiyo haijadiliwi, wote mnapanda. Niliwahi kuificha baridi yangu kwenye ziwa moja la bahari huko Uskoti, kwa sababu mwenzangu alikuwa mzamiaji mashuhuri na mimi nilitaka aniite tena. Sili yangu ya shingo ilikuwa na ufa nilioujua tangu nyumbani. Maji yalifika kiunoni. Nilipopanda nilikuwa sisomi tena kompyuta, naona namba na sielewi maana yake. Ni yeye aliyenishika mkono na kunisimamisha mita 5. Hakukasirika kwamba niliona baridi. Alikasirika kwamba sikumwambia.

Kila dakika tano gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho. Ukishindwa, safari imekwisha. Ukianza kutetemeka, safari ilikwisha kitambo na umechelewa kuondoka. Geuka ukiwa bado na theluthi moja ya hewa zaidi ya unayohitaji, maana aliye na baridi anapumua zaidi; mtungi ulionipa saa nzima Nungwi unanipa dakika 35 huku. Ongeza tahadhari kwenye kompyuta yako, na usijipangie mizamio inayodai kusimama muda mrefu wakati wa kupanda mpaka umeyazoea maji haya.

Hatua ya 9: Dakika kumi za kwanza nje

Hapa ndipo upepo unaposubiri. Panga vitu kabla ya kuingia, kwa mpangilio utakaovihitaji: kofia kavu ya sufu juu kabisa, joho zito la kujifunika, taulo, nguo, viatu, beseni la kusimamia ili miguu isiguse saruji. Vua kofia ya maji, futa kichwa, vaa ile ya sufu, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha geuzia mgongo upepo na endelea. Soga baadaye.

Kunywa chai ya tangawizi yenye sukari. Pombe hapana, inafungua mishipa ya ngozi na joto lililobaki linatoka. Usikimbilie maji ya moto ya bafuni mara tu baada ya kutoka.

Mwangalie mwenzako. Vitabu vya huku husema tazama ngozi iliyobadilika kuwa ya bluu. Kwenye ngozi zetu hutaiona. Tazama kucha, viganja, fizi na ndani ya midomo. Msikilize zaidi kuliko kumtazama: akiongea kama mlevi, akijikwaa, akikasirika bila sababu, au mtetemo wake ukikoma huku bado ni wa baridi, joto la ndani limeshuka chini ya 35 na hiyo ni dharura. Mlaze, usimtembeze. Mkinge na upepo, mvue nguo zilizolowa kwa upole, hata kwa mkasi, mfunike kwa blanketi kavu pamoja na kichwa, weka chupa za maji ya uvuguvugu zilizofungwa kitambaa kwapani na kifuani. Usimsugue mikono na miguu, kwa sababu damu ya baridi itarudi moyoni kwa ghafla. Kinywaji chenye sukari apewe tu akiwa na fahamu zake na anaweza kumeza. Piga simu ya dharura mapema. Uingereza ni 999, na ukiwa pwani uliza walinzi wa pwani.

Kama unataka kuzama mara ya pili, pasha mwili kabisa kwanza, ndani ya gari, umekula, umekojoa, vidole vimerudi. Saa mbili ni muda mzuri. Baridi ya mzamio wa kwanza inabaki mwilini hata ukijihisi mzima, na ya pili huanzia pale ya kwanza ilipoishia.

Hatua ya 10: Jioni, nyumbani

Suuza suti kwa maji matamu, hasa kwenye vali na zipu. Itundike kivulini hadi ikauke nje, kisha igeuze ikauke ndani. Sili za mpira wa lateksi zipake poda isiyo na manukato, na ziweke mbali na mafuta ya ngozi na jua. Zipu ya shaba ipakwe nta kwenye meno yake, nje tu, na ihifadhiwe ikiwa imefunguliwa, bila kukunjwa. Suti ya ndani ifuliwe kwa sabuni laini bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo inaziba nafasi za hewa.

Kisha vuta sili ya shingo polepole kwa vidole, mzunguko mzima, karibu na taa. Ukiona ufa, hata wa urefu wa punje ya mchele, agiza nyingine usiku huo huo.